Hukumu ya Kununua kwa Picha, na ya Kurudisha Malipo kwa Aliyehadaiwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewawekea waja wake biashara kuwa njia ya riziki, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya watu akaitwa Mwaminifu, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Watu wa pwani tangu zamani hununua kwa kushika. Mwenye kutaka kitambaa alikivuta na kukitazama mwangazani. Mwenye kutaka samaki alimfunua matamvua. Mwenye kutaka udi aliomba kipande kichomwe. Leo mambo mengi yamegeuka. Bidhaa ni picha katika simu, duka ni ukurasa wa Facebook au Instagram au kundi la WhatsApp, na mwenye kupokea fedha ni jina tu ambalo huenda si lake. Malalamiko yamekuwa mengi: huyu alilipa na kitu hakikuja, yule kilimjia kisicho kile alichokiona. Na pamoja na malalamiko hayo limezuka jambo la pili ambalo halisemwi sana barazani, nalo ni kuwa mnunuzi aliyehadaiwa, au mwenye kudai kuwa amehadaiwa, hurudisha fedha zake kwa njia ya simu au ya benki, na huku bidhaa imebaki kwake. Mambo haya mawili yana hukumu, na hukumu zake zimo katika vitabu vya fikihi tangu kabla ya kuwako simu.

Kwanza yafaa ijulikane hadaa ni nini. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka ule unyevu juu ili watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Na mwenye kuzingatia ataona ya kwamba mtu yule hakusema uwongo hata neno moja, wala hakuimwaga ile mvua yeye. Kosa lake lilikuwa ni mpango tu: kikavu juu, kibichi chini.

Na mfano wake ni hadithi ya mnyama aliyefungwa chuchu, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mwenye kuuza ngamia au kondoo humwacha siku kadhaa bila kumkama, kiwele kikajaa, na mnunuzi akadhani kuwa ndivyo anavyotoa kila siku. Hapo napo hakuna neno lililosemwa. Kiwele ndicho kilichosema. Mtume akampa mnunuzi khiyari baada ya kumkama: akitaka atamshika, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyachukua. Basi picha iliyochukuliwa katika duka la mtu mwingine, au iliyong'arishwa mpaka rangi ikageuka, au iliyopigwa upande mmoja ili tundu la upande wa pili lisionekane, ni kiwele kilichofungwa. Haimwokoi muuzaji kusema, Mimi sikuandika kuwa ni kipya.

Lakini si kila mwenye kujuta amehadaiwa, na hapa watu wengi huchanganya. Katika madhehebu ya Imam Shafii, kuuziwa ghali peke yake hakumpi mnunuzi khiyari. Imam Nawawi ameleta mfano wa mtu aliyenunua kigae cha kioo akidhani ni kito: huyo hana la kudai, kwa kuwa dhana ilikuwa yake mwenyewe na aliweza kuuliza wajuzi. Hukumu hubadilika ikiwa muuzaji ndiye aliyemwambia kuwa ni kito. Vivyo hivyo sifa za uwongo zinazoandikwa chini ya picha na watu waliopangwa, huyu asema nimepokea na ni kizuri, yule asema nimeagiza vitatu. Jambo hili linafanana sana na najshi aliyoikataza Mtume, yaani kuzidisha bei ya kitu usichokitaka ili kumghuri mwingine. Mwenye kufanya hivyo ana dhambi, na muuzaji aliyewapanga ana dhambi pamoja nao. Lakini kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu ni kuwa mnunuzi hana khiyari kwa najshi peke yake, maadamu kitu chenyewe kimekuja kama kilivyosifiwa. Anayetaka kurudisha kitu kizima kwa sababu tu jirani amekipata kwa bei ndogo hana njia katika sharia ila muuzaji aridhie.

Baada ya hayo yatazamwe mapatano yenyewe, kwani kununua kwa picha si namna moja.

Namna ya kwanza ni kuuzwa kitu maalumu kisichoonekana. Mfano wake: Zaidi ameweka picha ya kofia ya vito, akasema, Kofia hii hii, kazi ya mkono ya Lamu, shilingi 8,000. Amri yuko Mombasa, hajaiona kofia, akalipa. Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ni kuwa kuuza kitu maalumu ambacho mmoja wa wawili hawa hakukiona hakusihi. Kauli ya pili, nayo ni ya zamani ya Imam, ni kuwa kunasihi, na mnunuzi ana khiyari anapokiona. Maimamu wengine watatu wamekubali kila mmoja kwa masharti yake, na watu wengi wa zama hizi hufuata wepesi huo. Basi kofia ikifika, ikawa ni ya cherehani, hukumu haina taabu. Kwa mwenye kufuata kauli ya kwanza, mauzo yalikuwa batili tangu mwanzo, fedha ni mali ya Amri na kofia ni mali ya Zaidi, na kila mmoja ni wajibu amrudishie mwenzake. Kwa mwenye kufuata kauli ya pili, Amri ana khiyari. Akivunja, fedha humrudia na kofia humrudia Zaidi. Njia mbili, na mwisho wake ni mmoja: kofia na shilingi 8,000 havikai katika mkono mmoja.

Namna ya pili ni salam, nayo ni kununua kitu kilichosifiwa kilicho katika dhima ya muuzaji, si kipande maalumu. Bwana Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kwa tende za mwaka na miaka miwili, akawaamuru iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Ibn Abbas (R.A.) alisema kuwa aya ndefu ya kuandikiana deni katika Suratul Baqara iliteremka katika mambo ya salam. Sharti yake kubwa ni kuwa bei yote ikabidhiwe katika kikao kile kile cha mapatano. Majmaa ya Fikihi ya Jeddah, ilipokutana mwaka 1990, ilikubali mapatano yanayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano, lakini ikaitoa salam kwa sababu ya sharti hii; na katika mkutano huo huo ikahesabu kuingia kwa fedha katika hesabu ya mtu benki kuwa ni kukabidhiwa. Basi mwenye kuagiza kwa njia hii na ajihadhari: alipe pale pale wanapokubaliana, yote, si nusu sasa na nusu baadaye.

Mfano wake: Amri ameagiza kilo 10 za tende za ajwa kwa ajili ya Ramadhani, akalipa, na zikaja tende za sukari. Wengi hudhani kuwa wakipatana kwa punguzo kidogo yamekwisha. Kauli iliyosahihishwa katika madhehebu ni kuwa haisihi kubadilisha kilichoagizwa kwa jinsi nyingine wala kwa namna nyingine ya jinsi ile ile, hata kama wote wawili wameridhika. Wakitaka hivyo, na wavunje mapatano ya kwanza, fedha zirudi, kisha wanunuziane upya. Ama zikija ajwa zilizo duni kuliko zilizosifiwa, Amri akitaka atazipokea, wala halazimiki. Na zikija zilizo bora kuliko zilizosifiwa, atalazimika kuzipokea. Na zikija ajwa zenye aibu, haki yake ya kwanza si kurudishiwa fedha, bali ni kuzirejesha na kudai zile zilizosifiwa, kwa sababu dhima ya muuzaji bado ina deni. Ikiwa zimekatika sokoni hazipatikani, hapo ana khiyari ya kuvunja au kungoja.

Hapa wamekosa wauzaji wengi wasio na nia mbaya, ambao huuza kitu maalumu kilicho katika ghala ya mtu mwingine kabla ya kukimiliki, wakipata fedha ndipo huenda kukinunua. Hakim bin Hizam (R.A.) alimwuliza Mtume juu ya jambo la namna hii, naye akamkataza kuuza asicho nacho. Mwenye kutaka faida hii kwa halali ana milango miwili: ajitangaze kuwa ni wakala apate ujira wake, au auze kwa salam na atimize sharti zake.

Namna ya tatu ndiyo iliyo salama kuliko zote, nayo ni kulipa baada ya kufikishiwa. Maneno yanayopita katika simu ni ahadi tu. Mletaji akifika mlangoni, mtu hukifungua kitu, hukitazama, kisha hulipa, na hapo ndipo mauzo yalipofungwa, kitu kikionekana na bei ikionekana. Na Imam Nawawi amechagua kuwa kupeana bila kutamka kunatosha katika kila ambacho watu hukihesabu kuwa ni mauzo. Muuzaji akikataa kitu kisifunguliwe mpaka fedha zitoke, mnunuzi ameonywa.

Sasa lije suala la wakati, ambalo ndilo linalopoteza haki za watu wengi. Khiyari ya kurudisha kwa aibu, kwa Mashafii, ni ya papo hapo. Aliyeijua aibu akakaa bila udhuru, haki yake imeanguka. Udhuru ni kama kuwa katika sala au katika kula mpaka amalize, au kuwa ni usiku mpaka kupambazuke. Mifano hii imetajwa na maulamaa wenyewe ili ijulikane ufinyu wake. Na pamoja na kuharakisha, ni lazima aache kukitumia kitu. Katika vitabu mfano ni mnyama aliyepandwa baada ya kujulikana aibu yake. Leo mfano ni simu: mtu amegundua kuwa simu aliyoambiwa ni mpya imekwisha fanyiwa ufundi, akatia laini yake, akaitumia wiki tatu, kisha akaanza kudai. Kuiwasha ili kuijaribu hakudhuru. Kuifanya yake ndiko kunakodhuru. Na kama kitu kimepata aibu mpya mikononi mwake, kioo kikapasuka kwa mfano, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kukipokea hivyo. Hapo hutazamwa kufidiana kwa kadiri ya aibu ya zamani.

Katika maduka mengi ya Mombasa, na sasa katika kurasa za mtandaoni, huandikwa kuwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Je, maneno haya humwondolea muuzaji dhamana? Kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa muuzaji aliyeshurutisha kuepukana na aibu huepukana na aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Na kitambaa na kofia na simu si wanyama. Kibao kile hakimzuii mwenye haki. Humzuia yule tu aliyebadili nia.

Ama kuzipata fedha zenyewe, mtu aliyezuiliwa haki yake ana mlango katika sharia. Hind binti Utba (R.A.) alimshitakia Mtume kuwa mumewe, Abu Sufyan, hampi kinachomtosha yeye na mtoto wake, naye akamruhusu kuchukua katika mali yake kinachowatosha kwa wema. Kutokana na hadithi hii Mashafii wamejenga masala ya mwenye kuipata mali ya anayemdhulumu: aweza kuchukua haki yake bila kwenda kwa kadhi, ikiwa mwenye deni amekana au amezuia. Lakini ikiwa hajazuia, ni juu ya mtu kudai, si kuchukua. Na anapochukua, asizidishe juu ya kadiri ya haki yake.

Masharti haya mawili ndiyo mizani ya kila anayerudisha malipo leo. Anayeharakia kuzivuta fedha kabla hajamwambia muuzaji neno amelikosa la kwanza. Anayevuta bei yote na kubaki na kofia amelikosa la pili, na alicho nacho ni mali ya mwenziwe aliyoishika bila haki. Kikiharibika, dhamana ni juu yake, hata kama muuzaji ni mwongo mashuhuri. Uwongo wa Zaidi haumhalalishii Amri kofia ya bure.

Na iko aibu nyingine, nayo ni ya ulimi. Katika Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007, na aliyepeleka fedha kwa kukosea hupeleka ule ujumbe wa malipo kwenye nambari 456 ili zirudishwe. Fedha zikiwa bado zipo kwa aliyepokea huweza kuzuiwa. Zikiwa zimekwisha tolewa, hakuna cha kurudisha. Njia hii imewekwa kwa aliyekosea nambari. Mnunuzi anayeitumia kwa kusema, Nimekosea, ilhali alipeleka kwa kusudi na kwa bei iliyokubaliwa, amesema uwongo ili kupata haki, na mara nyingine amesema uwongo ili kupata isiyo haki. Ukweli wake ni kueleza kuwa amelipa akahadaiwa, na kupeleka khabari hiyo kwa kampuni na kwa polisi kama udanganyifu, upesi, kabla fedha hazijatolewa.

Vivyo hivyo kadi za benki. Mwenye kadi ya Visa au Mastercard huandikia benki yake kuwa anapinga malipo, na benki humtaka ataje sababu: kitu hakikufika, au kimefika kinyume cha sifa, au malipo hayo siye aliyeyafanya. Benki ya muuzaji huitwa kutoa hoja zake. Wapo wanaochagua sababu ya tatu kwa kuwa ndiyo nyepesi, nao ndio walionunua kwa mikono yao. Huo ni ushahidi wa uwongo uliotiwa sahihi. Muda wa kudai kwa kitu kisichofika au kilichokuja kinyume mara nyingi ni siku 120, na mtu asidanganyike kwa muda huo akadhani kuwa na sharia imempa siku 120. Benki imempa nafasi ya kuandika. Khiyari yake huanguka kwa kukaa kimya. Njia iliyonyoka ni kumwandikia muuzaji siku ile ile kuwa ameyavunja mapatano na kitu kiko tayari kuchukuliwa, akishuhudisha wawili akiweza, kisha aende benki kwa utaratibu wake.

Basi maandiko yote yahifadhiwe: picha ya tangazo kabla halijafutwa, mazungumzo, ujumbe wa malipo, na picha ya kitu kilivyofika na karatasi yake ya safari. Hoja ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Na aliye mtandaoni hukana kwa kufuta. Mahakama ya Kadhi katika Kenya haisikilizi daawa za biashara, kwa kuwa Katiba ya 2010 imeipa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Lakini iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza daawa zisizozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Na sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda wanunuzi ina sehemu mahsusi ya mapatano ya intaneti, inayomtaka muuzaji aeleze mambo yake kabla ya kufunga mauzo. Kuitumia mahakama hii kwa haki iliyothibiti si kujidhalilisha, kama wasemavyo baadhi ya wazee. Ni kuidai haki kwa mwenye nguvu ya kuitoa.

Muuzaji naye asisahauliwe. Wako vijana wanaouza kwa uaminifu, wakapeleka mzigo kwa bodaboda, na saa moja baadaye fedha zikavutwa. Hao wana haki ya kumfuata mnunuzi kwa kitu chenyewe kikiwako, au kwa thamani yake kikiwa kimekwisha. Na aliyevuta hatoki katika dhima kwa kubadili nambari ya simu. Akitaka kutubu, na akirudishe kitu au alipe. Toba ya haki ya mja haikamiliki kwa istighfari peke yake.

Limebaki suala ambalo watu huligombania kuliko bei yenyewe: nani alipe gharama ya kurejesha kitu kilichovunjiwa mauzo kwa aibu? Maulamaa wetu wamesema kuwa gharama ya kukirejesha mpaka mahali alipokipokelea ni juu ya mnunuzi, kwa kuwa kimo katika dhamana ya mkono wake. Basi ikiwa Amri alikwenda kukipokea katika ofisi ya mabasi, atakirudisha mpaka ofisi ile. Na ikiwa alikipokea mlangoni kwake, mlangoni ndipo atakapokitoa. Toka hapo mpaka dukani si juu yake, ila wawe wameshurutiana mengine. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.